Vidole vya Festo

Elia, rafiki yangu,

Festo hana fangasi. Ana ukoma, umegunduliwa mapema, na vidole vyake vyote vina hisia. Nimeanza na habari yenyewe kwa sababu ulikuwa ukinilalamikia kwamba sisi waandishi wa habari tunamzungusha msomaji kabla ya kumwambia nani kashinda mechi.

Sasa maelezo. Mdogo wako bado yuko Guangzhou, kwenye chumba kile kile mlichokaa pamoja, na ndiye anayenunua vitambaa soko la Zhongda badala yako. Wiki chache baada ya maziko yako alikuja kwangu, akavua shati sebuleni bila kuomba ruhusa, akanigeuzia mgongo. Chini ya bega kulikuwa na baka lililopauka, kama lile lako.

"Dada, niambie ni fangasi," alisema. Nilimjibu kwamba mimi naandika habari, sitoi vyeti. Hakuogopa kufa. "Vidole vikifa, mimi narudi Iringa kulima. Na mimi jembe silijui."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Unakumbuka ulivyopima kitambaa: unachomoa uzi, unauwasha kwa kiberiti cha gesi, unanusa. Pamba huacha majivu. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga cha moto. Wenzako walisubiri kipoe. Wewe ulikibinya papo hapo, huku ukiendelea kubishana bei. Laoban, mwenye duka la ghorofa ya pili, yule mama mwenye kucheka, aliwaita majirani waje kukuona. Tulikubatiza Koleo, nawe ukaitika kwa fahari. Hakuna aliyejiuliza kwa nini huungui.

Daktari wa kwanza alikupa dawa ya fangasi. Wa pili alisema ni mzio wa rangi za vitambaa, ukafurahi, maana ulisikika kama ugonjwa wa mfanyabiashara mkubwa. Wa tatu alikupa vitamini. Siwalaumu. Ukoma umekuwa adimu hapa kiasi kwamba daktari kijana anaweza kufanya kazi miaka bila kukutana nao, na mtu hutafuta kile anachokiona kila siku. Nawe hukuwaambia habari za vidole. Ulidhani ni kipaji. Mpaka ugonjwa unatajwa jina, kidole chako cha mwisho kilikuwa kimekunjika. Dawa zilikuponya, kidole hakikunyooka. Na kwa kuwa wako watu sokoni Shisanhang wameamua vinginevyo, nimewaeleza mmoja mmoja kwamba uliondoka kwa ugonjwa wa moyo, si kwa ukoma.

Safari hii tulitaja jina mapema. Daktari wa Festo, kijana mpole, alikwishaanza kuandika dawa ya fangasi. Nikamwambia, kwa Kichina changu cha sokoni, kwamba kaka mtu alikuwa na ukoma na waliishi chumba kimoja kabla hajatibiwa. Aliweka kalamu chini, akatoka, akarudi na mkubwa wake, mama mwenye mvi.

Mama yule alimwambia Festo afumbe macho, akanyofoa pamba kidogo, akawa anamgusa nayo. Akihisi, aseme. Kwenye baka alikaa kimya. Tena kimya. Kidole gumba: "Ndiyo." Cha shahada: "Ndiyo." Akafika kidole cha mwisho, na mimi, niliyeripoti mafuriko bila kutetereka, nikajikuta nimesogeza kiti karibu.

Festo alikunja uso. "Dada, mwambie daktari hii si pamba tupu. Imechanganywa."

Nilitafsiri. Mama akasoma maandishi ya pakiti, akavua miwani, akacheka. Kweli ilikuwa imechanganywa.

Walichukua na kipimo cha ngozi, kikathibitisha. Anameza vidonge kila siku. Vimemtia weusi kidogo. Anasema amependeza, na wapo wanaomkubalia. Kazini yupo. Kwamba hamwambukizi mtu tena amekwishalieleza kanisa zima, pamoja na wasiouliza. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alimkagua Mkongo mmoja wa kwaya kwa alama ya begani. "Doucement, patron, polepole," jamaa alilalamika, "huyo ni paka wangu." Kweli, ilikuwa mikwaruzo ya paka.

Limebaki moja. Mkeo na watoto walikaa nanyi chumbani humo likizo nzima, kabla hujaanza dawa, na hakuna aliyewapima. Nilimpigia shemeji simu. Anasema wao hawana kitu. Wewe pia ulisema huna kitu.

Mwezi ujao nakuja nyumbani. Nitafika Iringa kwanza, kabla hata ya kwa mama yangu, niwapeleke wote watatu kwa daktari, na siondoki mpaka kila ngozi imetazamwa. Shemeji atanuna, nitamvumilia. Kisha nitapita kaburini kwako nikuambie walivyo.

Kaa kwa amani, Elia.

Adela