Choo cha Bibi Ndani ya Gari

Wanangu,

Chakula kimefunikwa jikoni. Naenda kumrudishia seremala drili yake. Gundi ya choo nilichojenga ndani ya gari letu la kulalia haijakauka, msiiguse. ~~Mkirudi kibomoeni.~~ Hapana, kiacheni.

Mnakumbuka bibi yenu alivyokataa safari zetu? "Nichutame nyuma ya gari, wajukuu wananichungulia? Sitaki." Ndiyo maana nilianza kile kijumba, mkanicheka eti ni kabati. Akafariki kabla sijaweka mlango.

Leo asubuhi nimeupachika. Nikatoka kuchukua bisibisi. Niliporudi, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikausukuma mlango, nikasikia kikohozi chake kilekile, kisha sauti: "Kuna mtu!"

Nikasema, "Samahani, mama," nikashuka garini mbio kama mtoto aliyekosa adabu. Nilisimama nje mpaka jua likanichoma. Mwishowe nikasikia komeo likifunguliwa. Ndani hapakuwa na mtu.

Nimelia, lakini si kwa hofu: safari hii amekubali kwenda nasi.

Jumamosi tunaondoka kama tulivyopanga. Kiti cha mbele msikigombanie, ninyi mtakaa nyuma.

Baba yenu