Moshi Kwenye Kikombe cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Tena leo! Nimeingia bafuni kupiga mswaki — bangi. Imetanda utadhani kuna mtu amekaa juu ya ndoo yetu anavuta. Dirisha la bafu linatazama kile kishimo cha hewa kinachopita katikati ya jengo, na chini yetu anakaa Mpiga Mluzi. Anatengeneza redio humo humo chumbani, anapiga mluzi kutwa, na madirisha hafungui hata siku moja. Mtu asiye na la kuficha anafunga madirisha ya nini?

Mume wangu, baba Kifaranga, kasema ni yeye, nani mwingine. Kakasirika kuliko mimi. Chumba chake cha kushonea nacho kinatazama kishimo hicho hicho, na kutwa yumo humo na cherehani yake. Namhurumia.

Koti langu jeupe alikwisha kulipiga pasi. Analipiga yeye kila asubuhi, humo chumbani kwake, tangu tuoane. Anasema mke wa fundi nguo haendi kazini na makunjo.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya mezani. Vikombe arobaini na nane leo, vyeupe, vimepangwa mstari. Sisi waonjaji chai tunapita na kijiko: unavuta kwa kelele, unazungusha mdomoni, unatema, unaandika. Shehena ya kumi na saba — nikainama, nikanusa, moshi! Nikaandika "moshi". Ya ishirini, moshi. Ya ishirini na sita, moshi tena. Neno hilo moja likiandikwa, shehena nzima hainunuliwi, maana inasemekana majani yaliungua wakati wa kukaushwa.

Mkuu wa meza kalitazama daftari langu akaguna. Sipendi akiguna.

Ijumaa, 7 Machi

Kichwa kizito. Nimeusahau ufunguo mlangoni, kwa nje! Nimerudi nimekula mkate mzima nimesimama, bila chai, kama mtu aliyefungiwa wiki.

Kifaranga anakohoa. Macho mekundu. Huyu binti ana miaka minne tu, na kawaida mchana kumlaza ni vita. Sasa baba yake anasema analala mwenyewe, saa mbili, tatu, kwenye vitambaa chini ya meza ya kukatia nguo. Wala hasumbui, anasema.

Yule bwana wa chini ananilevyea mtoto!

Jumatatu, 10 Machi

Nimeaibika.

Shehena zangu tatu zimeonjwa upya na watu watatu, kila mtu peke yake. Safi zote. Mwenye mali alikuja juu, na alikuwa na haki. Mkuu wa meza kaniita pembeni. Kasema mwonjaji kukosea ni jambo la kawaida, lakini kunusa kitu ambacho hakipo ni jambo jingine. Tarehe 24 nitawekewa vikombe kumi na viwili mbele ya wote. Nikivikosa, nahamia ghala la kufungashia. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye meza ile. Kwa ajili yake sipaki manukato, sili kitunguu kibichi, naoga kwa sabuni isiyo na harufu. Na mume wangu naye kaacha kitunguu kwa ajili yangu. Ghala!

Nikawa nalia kwenye chumba cha mabirika. Bibi Birika, anayetuchemshia maji, kanishika bega. Halafu akainusa kola yangu. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Hili koti lako ndilo linalonuka moshi. Ukiinama kwenye kikombe unajinusa mwenyewe."

Nikalivua nikalinusa. Sikusikia kitu! Pua yangu hii, inayojua majani ya mlimani na ya bondeni, haisikii koti langu. Nimelizoea.

Nilipotoka, wafungashaji wawili walikuwa wanacheka. Mmoja kafanya vidole hivi mdomoni, kama anayevuta. Kumbe ndivyo wanavyonifikiria.

Jumanne, 11 Machi

Nimempeleka Kifaranga zahanati. Muuguzi kamsikiliza kifua, kamtazama macho, kisha kaniuliza nani anavuta nyumbani. Hakuna, nikamwambia, ni jirani. Kaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Kasema moshi wa mtu mwingine nao ni moshi — chumba kikiwa kidogo na dirisha likafungwa, asiyevuta naye anavuta, na mtoto huathirika haraka kuliko mkubwa. Mtoeni kwenye hewa hiyo, akasema.

Nitamtoa yule bwana kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa mwenye nyumba. Sikumaliza hata kueleza. Kumbe alikuwa anasubiri mtu wa kuanza! Kasema Mpiga Mluzi hakumpendeza tangu siku ya kwanza. Kamwambia afungashe. Ila anataka karatasi yenye maelezo yangu na sahihi yangu, asije akaambiwa kamwonea mtu. Jumamosi ya tarehe 22 atakuja nayo mwenyewe.

Jioni mlango ukagongwa. Mpiga Mluzi! Sikuwahi kumwona karibu hivi. Mwembamba, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Dada, mimi nina pumu," kasema, na kanionyesha kile kichupa cha kuvuta dawa. "Madirisha nafunga kwa ajili ya moshi wenu. Nilikuwa naona haya kuja kusema."

Moshi wetu! Baba Kifaranga katokea nyuma yangu, akasema huyu bwana ana ulimi wa mafuta, na mlango kaufunga kwa nguvu hadi kalenda ikaanguka.

Kichupa hata mimi naweza kununua. Si ushahidi.

Lakini mbona mume wangu hakukitazama kichupa hata mara moja?

Jumapili, 16 Machi

Baba Kifaranga kasafiri tangu jana alfajiri kutafuta vitambaa vya sare za shule. Kifaranga kashinda nami. Hakulala mchana jana, hakulala leo, kanitoa jasho. Na hajakohoa.

Bafuni hewa safi. Siku mbili. Na Mpiga Mluzi yupo — namsikia, wimbo ule ule mmoja.

Sitaki kuandika ninachowaza.

Jumatatu, 17 Machi

Koti nimelipiga pasi mwenyewe, sebuleni, dirisha wazi. Mezani leo sikunusa moshi hata kikombe kimoja. Bibi Birika kapita nyuma yangu, kanusa, kainua nyusi.

Inawezekana Mpiga Mluzi kaogopa kufukuzwa akaacha. Hilo nalo linawezekana.

Jumanne, 18 Machi

Baba Kifaranga karudi jana jioni. Leo bafuni — ipo.

Kanipokea vizuri, kaniletea kitambaa cha gauni, rangi niipendayo. Nilikuwa namtazama macho. Kaniuliza unanitazamia nini, mke wangu? Nikasema nimekukosa. Ni kweli pia. Ndiyo inayoniuma.

Jumatano, 19 Machi

Nimewaza hivi. Pua yangu ya nyumbani imekufa, siwezi kuiamini. Lakini majani makavu ya chai hayana mazoea wala mapenzi. Ukiyaacha wazi karibu na sabuni, yananuka sabuni. Karibu na samaki, samaki. Ndiyo maana ghalani hata viatu vipya haviingii.

Basi nimechukua majani ya shehena moja, safi, nimeyagawa kwenye visahani vitano. Kimoja bafuni. Kimoja jikoni. Kimoja chumbani kwetu. Kimoja nje, kwenye ngazi, nyuma ya chungu cha maua mlangoni kwa Mpiga Mluzi. Na kimoja chumba cha kushonea, juu ya kabati, nyuma ya kopo la vifungo.

Najiona mwizi nyumbani kwangu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimevikusanya asubuhi wakati baba Kifaranga anaoga, nimeyafunga majani kwenye karatasi tano, kila moja nimeandika kwa ndani yametoka wapi.

Mchana, wengine walipokwenda kula, nimempa Bibi Birika. Hakuuliza. Kayapima, kayamwagia maji ya moto, kasubiri dakika sita, kavichanganya vikombe mwenyewe nimempa mgongo. Kila karatasi kaiweka chini ya kikombe chake, imekunjwa. Koti nilikuwa nimelivua.

Cha kwanza: moshi kidogo, wa mbali. Cha pili: safi kabisa, kama kilivyotoka ghalani. Cha tatu: kidogo tena.

Cha nne sikuhitaji kuvuta. Kilinipiga kabla sijainama. Nikavuta hata hivyo, ndiyo kazi yangu. Mchungu, mzito, umeganda mpaka kooni. Si moshi uliopita dirishani ukielekea pengine. Huu ulikaa humo. Siku mbili, milango imefungwa.

Cha tano: kidogo.

Nikarudia vyote. Nikarudia mara ya tatu. Bibi Birika kaniambia, "Mwanangu, ulimi wako umekwisha kusema. Fungua karatasi."

Cha pili kilikuwa cha ngazi, mlangoni kwa Mpiga Mluzi.

Cha nne, chumba cha kushonea.

Nimekaa kwenye ndoo ya kutemea. Kwanza niliiwaza meza yangu, nakiri. Kola ile, kila asubuhi, kwa upendo, na mvuke wa pasi! Halafu vitambaa chini ya meza ya kukatia. Saa mbili, tatu, wala hasumbui.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika harakaharaka, chumbani, nimesema natafuta miwani. Miwani ninayo usoni.

Mwenye nyumba yuko sebuleni na karatasi yake. Kaja na Mpiga Mluzi, kamkalisha kwenye kiti cha karibu na mlango, asikie kwa masikio yake. Kichupa chake kakishika kwa mikono miwili. Vitu vyake vipo tayari chini kwenye ngazi, nimeviona — redio zimefungwa kwenye shuka.

Jana sikumwambia mume wangu kitu. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza akaniuliza kama nimekula. Mara ya pili alikuwa ameshalichukua koti kwenye msumari. Kasema Jumatatu ndiyo mtihani wangu, lazima ning'ae, anataka alipige pasi mapema.

Nikisaini, huyu wa mlangoni anaondoka, na sisi tunabaki na moshi wetu. Nisiposaini, lazima niseme kwa nini. Mbele ya mume wangu. Mbele ya mwenye nyumba, ambaye mdomo wake hauna kufuli; Jumatatu habari itakuwa imefika ghalani kabla yangu. Mke wa mvuta bangi, mezani! Nani ataamini sivuti?

Mume wangu ananiita. "Mama Kifaranga! Wageni wanangoja. Kalamu hii hapa, ninayo mimi." Sauti tamu, ya siku zote.

Nimemwuliza kwa sauti, Kifaranga yuko wapi?

"Kalala kule kwangu. Mlango nimeufunga, asisumbuliwe na kelele."

Mpiga Mluzi anakohoa. Mwenye nyumba anasema mwanangu, fanya haraka, nina safari.

Kisahani cha chumba cha kushonea kiko hapa kitandani, na majani yaliyobaki ya kikombe cha nne. Nimekichukua, mwenye nyumba akinuse. Sebuleni ni mkono wa kulia. Chumba cha kushonea ni wa kushoto, na siendi sebuleni kabla sijamtoa mwanangu humo.