Ulinuia Nini?

Izki, Oman

Dada yangu Asya,

Shikamoo. Mguu wako umepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio usiulize.

Barua yako ya mchumba uliyenitafutia nimeipata. Ati ana sauti nzuri na anapenda muziki wa udi. Usipeleke posa. Soma kwanza nilivyoachika, maana safari hii aliyeachika ni mimi.

Mke wangu Rahma, mzaliwa wa huku, alikasirika akenda kwao Birkat al Mauz. Badala ya kumfuata, nikashika udi, nikajirekodi kwenye simu nikiimba, nikamtumia: "Ufunguo nautupa, mwenye nyumba hayumo." Unguja hata mtoto angefumbua: mwenye nyumba ni yeye, na hapaingii mwanamke mwengine mpaka arudi. Lakini Kiswahili cha Rahma ni cha kuokoteza. Yeye alisikia kafungiwa mlango. Baba yake akaipeleka simu kwa sheikh, kuuliza kama ile ni talaka.

Tukaitwa sote majlisi, barazani kwake. Sheikh, naye mzaliwa wa Unguja, akaniuliza kwa upole, "Ulinuia nini?" Nikaapa kuwa talaka sikuinuia. Akasema basi ndoa ipo, na mkeo huyu hapa, mwambie ulichotaka kumwambia.

Rahma akanitazama. "Mimi sitaki nyimbo yako. Sema wewe, maneno mawili, bas."

Wallahi dada, nikaanza kumweleza kwa nini pale katikati nimepunguza mwendo wa udi. Mtu mzima na mvi zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia baba yake anataka khului, ajikomboe kwenye ndoa, na mahari yangu atanirudishia. Neno "rudi" nimelipata njiani, peke yangu ndani ya gari.

Najichukia. Masikio haya yanajua fidla imeteleza wapi, na hayakufaa kitu kingine. Maimuna wa Sur, mke wangu wa pili, aliponikimbia nilitangaza kuwa hana sikio la muziki. Zuhura, mke wangu wa kwanza, mimba ilipoharibika nilimnunulia kanda mpya ya taarabu, nikaona nimemliwaza. Hakuifungua, nami nikanuna wiki nzima. Huyo mchumba ni mtoto wa watu, mwacheni alipo.

Nisalimie mama mdogo, na shemeji seremala, na mwanao aliyepata kazi bandarini. Zuhura mkikutana, usimpe salamu. Mwambie siku zile akilia chumbani nilikuwa namsikia. Redio niliizidisha sauti makusudi.

Mdogo wako,
Nassor