Irisi ya Kwanza Mikelenge

Jumapili, jioni

Imechanua. Ni moja tu kati ya kumi na mbili, lakini imechanua, bluu yenye ulimi wa manjano, hapa Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, ambako kila mtu aliniambia joto litaiua.

Dada yangu Furaha alinitumia vitunguu vya kupandia maua haya, irisi za Uholanzi, kutoka Bukavu, akaniambia vinataka baridi kabla ya kupandwa. Baridi, Kindu! Jirani yetu Mama Zaina, anayeuza bia, alinihifadhia kwenye frigo yake wiki nane. Siku moja nusura avikatie kwenye mboga, akidhani ni vya kula.

Mama hakunisaidia. Wakati wa vita, njia zote zilipofungwa, aling'oa maua yake mbele ya nyumba akapanda mihogo. Sombe ile, majani ya mihogo hiyo, ilitulisha watoto sita. Tangu hapo hajapanda ua. Aliponiona nachimba alisema tu, "Njaa ikirudi, utakula hiyo?" Niliendelea kuchimba, ingawa hofu hiyo ninayo hata mimi.

Leo baada ya misa alisimama mbele ya ua lile muda mrefu. Jirani mwingine akapita, akauliza, "Nani alipanda hii?"

"Mutoto wangu," Mama akajibu. Hata siku nilipopata diploma hakunitaja kwa sauti ile.

Jirani huyo alipoondoka, Mama akaniambia bila kunitazama, "Umuambie Furaha atume na nyeupe. Ile nitapanda miye."