Shujaa Aliyegonga Bila Hodi

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Mahurunga wote wazima, na babu yako kikohozi kimemwachia. Unaniuliza kama yule mchawi wa riwaya mnayobishania bwenini ni shujaa.

Miaka ya tisini, tukibangua korosho nyumbani kwetu, wasichana tulisomeana riwaya ya mtu anayegeuka simba. Tulimsifia nguvu zake. Rafiki yangu Somoe tu ndiye aliyewahurumia walioliwa, tukamcheka. Na msimu ule simba wa kweli walikuwa wakizunguka mashambani.

Mara mlango ukagongwa, bila hodi. Tukaganda.

"Si shujaa wenu?" Somoe akanong'ona. "Mfungulieni."

Hakuna aliyenyanyuka. Kumbe mama, kakumbatia muhogo, kaupiga mlango teke.

Msifuni mchawi wenu, sikatazi. Lakini akigonga bwenini, nani atakwenda kufungua?

Bibi yako