Mkasi wa Mwingereza na Gauni Langu la Idi

Kaka Hamisi, bingwa wa "njoo kesho", shikamoo!

Huku ughaibuni Garland joto ni kama umelaliwa na ile pasi yako ya mkaa. Jana dada Zainabu alinipeleka gulioni, nikamkuta mzee Mwingereza anayetengeneza mikasi ya mafundi cherehani kwa mkono. Amehamia kwa binti yake, maana kwao karakana zilifungwa moja moja, watu wakikimbilia mikasi ya bei rahisi ya viwandani. Nikamwambia nataka mmoja kwa ajili ya kaka yangu fundi. Akanikazia macho: "Njoo mwezi ujao." Nilicheka mpaka nikashika meza. Kumbe ugonjwa wenu mafundi hauna uraia!

Akauliza mtaani kwetu mmebaki mafundi wangapi. Nikaanza kuhesabu, nikaishia kwako. Akapapasa mshono wa gauni langu: "Na hili kashona yeye?" Kaka, nililinunua dukani nilipochoka kukungoja. Niliinamisha kichwa.

Mkasi nitakuletea. Na lile gauni la Idi, lishone tu taratibu. Hata likiisha Idi nyingine imeshapita, nitalivaa.

Mdogo wako msumbufu,
Mwajuma