Kidole Kimeniponza

Mwenzangu, nimeumbuka. Uko wapi? Nimejifungia stoo ya magazeti.

Si nilikwambia mwenyekiti wa bodi anakuja leo kuamua kama maktaba yetu ifungwe? Nikaachiwa mimi kuhutubia. Nikavaa gauni jekundu, miwani nikaificha, asije akaona yule bibi mkali wa maktaba wanayemchora kwenye vikatuni.

Nikasema kwa madaha: "Mkutubi wa leo hamnyamazishi mtu! Hapa watu wanaongea, wanacheka."

Makofi hayo!

Nikageuka kuwaonyesha kona ya watoto. Mara nyuma yangu mtu anaongea na simu kwa sauti. Nakuapia sikufikiri. Kidole kikapanda chenyewe mdomoni:

"SHHHHH!!"

Kugeuka, ni yeye. MWENYEKITI! Na mimi maneno yangu hata hayajapoa!

Watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akakata simu, akakaa kimya kama mtoto wa shule.

Mwisho nikamsihi, "Mzee, tuambie lolote."

Akaweka kidole mdomoni, akatoka.

Watu wote wale, mdomo niliokuwa nauhitaji ni mmoja tu. Ndio nilioufunga.